Mshika Kibendera wa Upande wa Ziwa

Kuna neno moja ambalo nilipaswa kumwambia mtu huyu miaka ishirini na kitu iliyopita. Nilikaa nalo. Mimi ambaye pale Kibirizi nasifika kwa mdomo, ambaye nikipunjwa ndoo moja ya dagaa soko zima linajua kabla ya adhuhuri, neno hilo moja lilinishinda. Nitalisema, ila kwanza nimweleze mwenyewe, maana wanaomjua wamebaki wachache na wengi wao wanamjua vibaya.

Tulimwita Mshika Kibendera. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, lakini mtaani kwetu Ujiji halikuwa na kazi. Mkewe alikuwa Mke wa Mshika Kibendera, na beberu wao msumbufu alikuwa beberu wa Mshika Kibendera. Siku za kawaida alikuwa fundi wa nyavu, anashinda mchangani Kibirizi anaziba matundu. Siku za mechi alivaa kaptula nyeusi iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini, na mkononi kijiti chenye kitambaa chekundu alichokikata kwenye kanga ya mkewe. Mke alimnunia wiki nzima kwa ajili ya kanga ile.

Mashindano yetu yalichezwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa za wavuvi, kwa hiyo mitumbwi inafungwa na wanaume wote wanakuwa nchi kavu hawana la kufanya. Basi alasiri wanacheza mpira. Kiwanja kilikuwa karibu na maji. Upande wa barabara kulikuwa na kivuli, wauza karanga na watu. Upande wa ziwa kulikuwa na jua, upepo, harufu, na sisi wanawake tunaogeuza dagaa kwenye vichanja. Kila mshika kibendera alitaka upande wa barabara. Yeye alipewa upande wa ziwa tangu mwanzo na hakuomba kubadilishiwa. Hivyo nimeutazama mgongo wake zaidi ya nilivyoutazama uso wake.

Sisi tulikuwa hatujui kuotea ni nini. Tulijua tu kwamba mtu anafunga, watu wanashangilia, halafu mzee huyu ananyanyua kitambaa na furaha inakwisha. Siku moja nikamvaa. Nikamwambia, "Mzee, hivi wewe una roho gani? Mtoto wa watu kakimbia jua lote hili, kafunga, wewe unamnyang'anya."

Hakukasirika. Aliweka chini wavu aliokuwa akiushona, akaomba vyombo vyetu. Sufuria kubwa akasema ni golikipa. Beseni akasema ni beki wa mwisho. Mwiko ndio mshambuliaji, na limao ndio mpira. Akauweka mwiko sambamba na beseni, akalirusha limao kuelekea sufuria, na limao likiwa hewani akausogeza mwiko ukalipita beseni kwenda kulipokea.

"Haya. Ameotea, hajaotea?"

"Ameotea," tukasema wote.

"Hajaotea."

"Si huyo hapo mbele ya beki, mzee? Au macho yetu mabovu?"

"Sasa hivi yuko mbele. Limao lilipotoka mkononi mwangu alikuwa wapi?"

Mmoja akasema nyuma, mwingine akasema kando. Hakuna aliyejua.

"Mnaona? Wote mmetazama limao."

Alikuwepo mama mmoja mgeni kutoka Kasulu, Kiswahili chake bado kinavuta Kiha, hata asubuhi alikuwa bado anatusalimu kwa mwakeye. Huyo ndiye aliyeelewa kwanza. Akasema, "Kumbe huangalii alipofika. Unaangalia alipokuwa mpira unapigwa."

"Mama huyu apewe kibendera," akasema Mshika Kibendera, nasi tukacheka mpaka wachukuzi wakageuka.

Mimi nilikuwa sijaridhika. Nikamuuliza, akikaa mbele kule mwenyewe tu, hagusi kitu, hamsumbui mtu, kosa lake nini. Akanijibu kwamba kukaa pale si kosa. Inakuwa kosa mtu akifaidika napo. Nilimwelewa siku ile kwa habari ya mwiko na limao. Kwa habari yangu mimi nilikuja kumwelewa baadaye sana.

Ugumu wa kazi yake ulikuwa huu: anatakiwa ajue mpira umepigwa lini, na hapo hapo ajue mshambuliaji na beki wamesimama wapi, na macho ni jozi moja. Yeye alishaamua. Alikuwa akisema, "Macho kwenye mstari, masikio kwenye mpira." Hakuutazama mpira kabisa. Alitembea sambamba na beki wa mwisho, shingo imegeukia ndani ya kiwanja, na alisubiri mlio. Alisema mpira mkavu una mlio wake na ulioloa una wake, na wa mtu anayepiga peku unajulikana hata umefumba macho. Mlio ukija, alichokuwa anakiona wakati huo ndicho kilichokuwa hukumu.

Kwa sababu hiyo alichezesha mechi miaka na miaka bila kuona magoli. Mechi ikiisha alikuja kwenye vichanja vyetu kuomba maji, anapangusa jasho, anauliza, "Binti, lile la pili lilifungwaje?" Nami namweleza, namwongezea na chumvi, kipa karuka hivi, mpira umepinda hivi. Anasikiliza kwa furaha kabisa. Nilimhurumia nikidhani kazi yake inamnyima uhondo. Sasa nadhani yale maelezo yetu ndiyo yaliyokuwa uhondo wake.

Kazi ilimwingia mwilini. Barabarani alitembea kiubavu, bega moja mbele. Msikitini alisimama mwisho wa safu, aione yote, na kabla imamu hajaanza ungemsikia anakohoa kidogo, na yule aliyejitokeza mbele anarudi nyuma bila kuambiwa. Harusini alipanga viti. Na mtu huyo huyo, nyumba yake ilikuwa imekaa upande! Ua wake ulipinda mpaka ukaingia kwa jirani, mlango haufungi, dirisha moja liko juu kuliko jingine. Mkewe alikuwa akituambia, "Mume wangu anaona kila kilichopinda isipokuwa vya kwake." Na alikuwa mwoga. Beberu wake akiingia kwenye mihogo ya watu, anamwita mkewe amtoe, yeye anabaki mlangoni anambembeleza mnyama kwa maneno. Lakini mpe kile kijiti, mweke mbele ya watu wa mitaa miwili wanaomtukana mama yake, hatikisiki. Sijawahi kuelewa mtu anawezaje kuwa hivyo.

Televisheni zilipojaa mtaani alianza kwenda kibanda umiza kutazama ligi za nje. Alikaa benchi la mwisho, mwisho kabisa. Vijana wa mle walinisimulia kwamba mzee alikuwa akifumba macho, anasikiliza. Kamera ilimkera kwa kuufuata mpira, anasema wanamwonyesha limao tu. Ulipokuja ule utaratibu wa kurudia picha na kuchora mistari, tulidhani utamchukiza. Nilimuuliza. Alifikiri kidogo, akasema, "Wale wamekaa chumbani wengi. Mmoja akikosea, mwenzake yupo." Akarudi kwenye wavu wake. Mimi nikaona ni jibu la kizee tu, nikaendelea na dagaa zangu.

Sasa niiseme mechi iliyomharibia jina, miaka mingi kabla ya mambo hayo ya televisheni.

Ilikuwa fainali, Ujiji na Kibirizi. Mshika Kibendera ni mtu wa Ujiji, kila mtu anajua, na watu wa Kibirizi walikuwa wameshanung'unika tangu asubuhi kwamba tumewapachika mtu wetu. Mshambuliaji wetu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Hakuna aliyekuwa amefunga. Jua limeshainama, meli inajiandaa kutoka bandarini kule Kigoma, inapiga honi zake, nasi tumezizoea hata hatuzisikii. Mpira ukapigwa kutoka katikati, mdogo wangu akatoka mbio upande wetu huu wa ziwa, akabaki na kipa, akamlaza, akafunga. Niliangusha kichanja kizima. Nikageuka kumkumbatia mwenzangu, na nilipogeuka tena nikaona kitambaa chekundu kiko juu.

Refa akapuliza. Watu wakaingia kiwanjani. Yeye alisimama pale pale, mkono umenyooka, mchanga unamrukia. Mimi pia nilimrushia, nikubali. Dakika chache baadaye watu wa Kibirizi wakafunga lao na mambo yakaisha hivyo. Aliondoka peke yake, kaptula yake nyeusi imejaa vumbi, akafuata ufukwe kurudi Ujiji kwa miguu.

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga, wakamaliza. Walichofanya ni hiki: kesho yake alikwenda barazani kwenye kahawa kama kawaida, na birika lilipozunguka, muuza kahawa akammiminia wa kulia kwake na wa kushoto kwake. Yeye akarukwa. Pale Ujiji kahawa ya barazani huombi, inakufikia. Ikikuruka mara moja unadhani ni bahati mbaya. Alikwenda siku tatu. Siku ya nne hakwenda tena, na hakurudi.

Wenye nyavu wa Ujiji wakaanza kumpelekea fundi mwingine. Alibaki kuwashonea wageni, watu wa kutoka ng'ambo Kongo na wale wa mwambao wa kusini, wasiojua habari zetu. Kibendera hakushika tena. Watu walimngoja aseme neno. Kama angesema "nilikosea", naamini wangemsamehe kwa maneno mawili matatu na kumtania mpaka afe. Kama angesema "nilikuwa sawa", wangebishana naye, na mabishano nayo ni kuongea. Hakusema lolote. Tukasema ni kiburi.

Na hapa ndipo nilipo mimi. Jioni ile ile ya mechi mdogo wangu alikuja kwangu kula. Nilimpikia samaki, migebuka kwa mawese, nikawa nalia na kulaani huku nasonga ugali. Alikula, halafu akasema, "Dada, punguza. Nilikuwa nimeotea."

Nikamwambia aache utani.

"Nilimwacha beki hatua nzima kabla mpira haujapigwa. Nilijua. Nilidhani yule mzee hataniona, au ataniona anyamaze, si wa kwetu?" Akanawa mikono. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kusifiwa kwa chochote mpaka siku ile, na baada ya siku ile alikuwa mtu. Alinunuliwa kahawa. Wazee walimpigia mfano vijana. Hata mke alipata kwa lile goli, maana baba mkwe alisema kijana aliyedhulumiwa mbele ya watu na asipige mtu, huyo ana subira, nampa binti yangu. Ningemvunjiaje yote hayo? Kila nilipompita Mshika Kibendera mchangani nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," anaitikia, "Marahaba, binti, dagaa wanasemaje?" na napita upesi. Nilijiambia kesho. Kesho zikawa nyingi.

Mkewe alipofariki tulikwenda kuzika, hakuna msiba unaosusiwa kwetu. Lakini baada ya siku tatu mikeka ilikunjwa na nyumba ile ikabaki na mtu mmoja. Nilikuwa nampelekea mboga mara moja moja, naiweka kizingitini, nasema nina haraka. Alikuwa akinikaribisha kila mara. Unajua mtu anavyokaribisha akijua hutaingia? Hivyo.

Mwaka jana mdogo wangu naye akatangulia, Mungu amrehemu. Kwenye matanga, wanaume wamekaa uani, mimi nimo ndani dirishani na wanawake wenzangu, nikamwona Mshika Kibendera anaingia. Amezeeka, anaburuta mguu. Akakaa mwisho wa mkeka. Wazungumzaji wakafika kwenye lile goli, lazima wangefika, na mzee mmoja wa ukoo wetu akasema bila kushusha sauti, "Na aliyemdhulumu marehemu yule pale, kaja kula wali." Mshika Kibendera alisikia. Aliinama, akaunyoosha ule ukingo wa mkeka uliokuwa umejikunja, akaupapasa mpaka ukalala vizuri. Kisha akainuka, akaenda zake bila kula. Nami dirishani bado nilinyamaza. Najichukia kwa kunyamaza kule kuliko kwa miaka yote ya nyuma, maana safari hii sikuwa na wa kumlinda.

Tulipomaliza arobaini nilikwenda kwake. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Nilimkuta kibarazani, amekaa mwisho wa lile benchi lake, benchi la kukaa watu watano. Nikaamkia. Akasema, "Karibu, binti," kwa ile sauti yake ya kutotegemea. Nikaingia. Akashtuka.

Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia bei za dagaa. "Mzee, siku ile mdogo wangu alikuwa ameotea. Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Alimwacha beki hatua nzima."

Alinigeuzia sikio. Kisha akafumba macho, kama walivyonisimulia vijana wa kibanda umiza. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Hatua nzima?"

"Hatua nzima, mzee."

Akaiweka mikono yake chini ya mapaja. "Mimi sikusikia," akasema. "Ile meli ilipiga honi. Mpira ulipigwa ndani ya honi, binti, sikuusikia. Nilipoona mtoto kapita, sikujua katoka lini. Nikawaza, huyu ni wa kwetu, nikinyamaza watasema nimewabeba watu wangu. Nikanyanyua. Nilinyanyua kwa woga. Sikuona kitu."

Nikakaa chini, sakafuni, si kwenye benchi.

"Ndiyo maana sikusema," akaendelea. "Ningesema nilikuwa sawa, ningekuwa mwongo. Ningesema nilikosea, sikuwa na hakika. Waliponiruka kahawa nikaona ni haki yangu, nimemdhulumu kijana wa watu. Mke wangu nilimwambia. Alikufa akijua nilikosea."

Hapo nililia, na sikujizuia. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikufa na habari ya uongo, na ya kweli ilikuwa kwangu, nyumba ya nne kutoka pale.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jioni ile ile."

Nilimngoja anitukane. Alitikisa kichwa taratibu, akatazama ua wake uliopinda. Baadaye akasema, "Hatua nzima. Basi hata ningesikia ningenyanyua."

Niliondoka pale moja kwa moja mpaka barazani kwenye kahawa. Mwanamke hakai pale, sikukaa. Nilisimama mbele yao nikasema yote, jina la mdogo wangu, goli, honi, na mimi nilivyonyamaza. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, muuza kahawa, mtoto wa yule wa zamani, akaniuliza, "Mechi gani hiyo, mama?"

Nikawatazama mmoja mmoja. Wa rika la mechi ile hakuwepo hata mmoja. Wamekufa, wamehamia Dar es Salaam, waliolitaja goli matangani walikuwa ndugu wa mbali waliosharudi makwao, na yule mzee wa ukoo wetu aliyesema maneno yale matangani alikuwa amelazwa. Nikawauliza, kama hawaijui mechi yenyewe, kwa nini Mshika Kibendera haitwi kwenye kahawa.

"Yule?" akasema kijana mmoja. "Sisi tangu tuna akili tunamwona anakaa peke yake. Tulidhani anapenda."

Nilimwomba muuza kahawa anijazie chupa, akaniazima na vikombe viwili, nikarudi nilikotoka. Mshika Kibendera alikuwa amebadilisha nguo. Amevaa kanzu safi na kofia, amekaa pale pale mwisho wa benchi, na fimbo tayari mkononi. Alikuwa amejua nimekwenda wapi.

"Wamesemaje?"

Nilitaka kumdanganya. Ningeweza, mdomo ninao. "Wamesahau, mzee. Hawaijui hata mechi yenyewe."

"Wote?"

"Wote."

Aliishusha fimbo polepole, akaiegemeza ukutani. "Basi tumebaki wawili," akasema, akasogea katikati ya benchi, akanipisha mimi mwisho pale alipokuwa amekaa.

Nikakaa. Kahawa ilikuwa imeshapoa njiani. Nikammiminia yeye kwanza.